Anza na ukurasa wa mwisho

Hotuba kwa wanafunzi wa sheria na wasaidizi wa kisheria

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, mawakili mliofunga ofisi leo kwa ajili yetu, wasaidizi wa kisheria mliosafiri kutoka wilayani, na ninyi wanafunzi, ambao najua baadhi yenu mmevutwa na chakula cha mchana kuliko na mimi: habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze taaluma ya sheria inaelekea wapi katika masuala ya haki na sera za umma. Mada hiyo ni pana kupita dakika nilizopewa, kwa hiyo nimeikata. Nitazungumzia kipande kimoja tu cha hukumu, kile tunachokifikia tukiwa tumechoka kusoma, yaani amri. Ni ile mistari michache ya mwisho ambamo jaji, baada ya kurasa 30 za hoja, anasema sasa nani afanye nini, na lini.

Sisi wasomi wa Afrika Mashariki tumeandika sana kuhusu kurasa 30 za mwanzo. Tanzania Bara ilipata sura ya haki za binadamu ndani ya Katiba mwaka 1984, na mashauri yakaanza kupokelewa mwaka 1988 baada ya muda wa maandalizi wa miaka 3. Kizazi changu kilikua kikisoma hukumu za Jaji Lugakingira na Jaji Mwalusanya kama vijana wengine wanavyofuatilia mpira. Tulijua kwa moyo walichosema juu ya utu, juu ya usawa, juu ya adhabu ya kifo. Ukituuliza ni nini kilifanyika Jumatatu iliyofuata hukumu, tulikuwa hatuna jibu, na hakuna mwalimu aliyetuuliza.

Chukueni shauri ambalo kila mmoja hapa analijua. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, na tafadhali msiidharau. Ilitokana na Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, na kwa wakati wake ilikuwa sheria ya kuthubutu. Iliweka ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja. Kifungu cha 66 kinakataza mwanandoa kumpiga mwenzake. Kifungu cha 114 kimewaokoa wanawake wengi wasitoke kwenye ndoa mikono mitupu. Lakini kifungu cha 13 kinasema mwanamume aoe akiwa na miaka 18 na mwanamke aolewe akiwa na miaka 15, tena mahakama inaweza kuruhusu hata miaka 14. Kifungu cha 17 kinaongeza kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba yake, au ya mama ikiwa baba hayupo. Ridhaa ya mtu mwingine ndiyo inayofungua mlango.

Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo, cha 13 na cha 17. Tarehe 8 Julai 2016 alishinda. Mahakama ilisema vinakiuka usawa uliomo kwenye Katiba, ikamwelekeza Mwanasheria Mkuu wa Serikali arekebishe kasoro hiyo ndani ya mwaka mmoja na kuweka miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa. Ilidai, pamoja na mengine, kwamba vifungu vile vilizingatia mila na dini za Watanzania, na kwamba vinamkinga msichana anayepata mimba kabla ya kutimiza miaka 18. Rufaa ikiwa bado inasubiri, mwaka 2018 Gyumi alipewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yote. Ilitazama Itifaki ya Maputo, ile ya Afrika kuhusu haki za wanawake, ilitazama Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ikasema amri ya Mahakama Kuu ifuatwe.

Tulishangilia, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Makala zikaandikwa, na nyingi ni nzuri. Sasa hesabuni pamoja nami. Tukiamua kuwa wakarimu kwa serikali, tukaanza kuhesabu ule mwaka mmoja kutoka siku ya hukumu ya Mahakama ya Rufani, uliisha Oktoba 2020. Oktoba hiyo ikapita. Ya 2021 ikapita. Mwaka 2023 bado tulikuwa tunasikia kwamba maoni ya wadau yanakusanywa. Ninawauliza kwa heshima zote: maoni ya nini? Mahakama ya juu kabisa nchini ilishasema. Wadau wanaweza kushauriwa namna ya kuandika kifungu kipya, namna ya kushughulikia ndoa zilizokwisha kufungwa, namna ya kuwaelimisha wazazi. Swali la kama miaka 15 inaruhusiwa na Katiba halikuwa tena mezani.

Hapa ndipo ninapowaomba mfungue Katiba, Ibara ya 30, ibara ndogo ya 5. Inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kutoitamka sheria kuwa batili papo hapo, na badala yake kuipa Serikali fursa ya kurekebisha katika muda utakaotajwa. Wengi wetu tunaisoma hadi hapo, tunafunga kitabu. Malizieni sentensi. Inasema sheria hiyo itahesabiwa kuwa halali hadi hitilafu irekebishwe, au hadi muda uliowekwa na mahakama uishe, na kati ya mawili hayo linalozingatiwa ni lile la muda mfupi zaidi.

Someni tena polepole. Katiba haisemi sheria yenye kasoro itaendelea kuishi hadi Bunge litakapopata nafasi. Inasema uhai wake una mwisho. Muda ukiisha, ule mwamvuli wa kuhesabiwa halali unaondoka. Kwa usomaji wangu, na niko tayari kubishana na yeyote hapa, kifungu cha 13 kwa kiasi kinachomruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa kilipoteza mwamvuli huo siku muda ulipokatika. Hakikuhitaji Bunge kukifuta. Bunge lilipewa nafasi ya kukiandika upya kwa staha kabla hakijaanguka chenyewe, na halikuitumia.

Sasa twende kwenye ofisi ya mtu anayefungisha ndoa. Yeye ana kitabu cha sheria kilichopigwa chapa, na ndani yake kuna namba 15. Hakuna tangazo la serikali lililomfikia kusema namba hiyo imekufa. Sheikh hajaambiwa, mchungaji hajaambiwa, hakimu wa mahakama ya mwanzo anayesikiliza shauri la talaka hajaletewa waraka. Katika madai ya kawaida mnajua utaratibu: ukishinda, unaomba kukaza hukumu, dalali wa mahakama anakwenda kukamata gari la mdaiwa na kulipiga mnada. Katika shauri la kikatiba hakuna dalali wa kwenda kulikamata Bunge. Amri ndiyo dalali pekee uliye naye, na amri ikiandikwa bila meno, hukumu nzima inabaki kuwa fasihi.

Mtaniambia: majaji wangefanya nini zaidi? Hawatungi sheria. Jibu ninalo, na linatoka mwaka uleule wa 2016.

Tarehe 20 Januari 2016, miezi sita hivi kabla ya hukumu ya kwanza ya Gyumi, Mahakama ya Katiba ya Zimbabwe ilitoa uamuzi katika shauri la Mudzuru. Waleta maombi walikuwa wanawake wawili vijana, Loveness Mudzuru na Ruvimbo Tsopodzi, ambao wenyewe waliolewa wakiwa watoto. Sheria ya ndoa ya kule ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 16 na mvulana 18. Kwa maneno mengine, ni swali lilelile, la nchi iliyo na mila, makanisa na umaskini kama sisi. Hoja za majaji wa nchi hizi mbili ukiziweka pembeni kwa pembeni utaona zinafanana sana: usawa, utu, mikataba ileile ya Afrika.

Amri ndizo hazifanani. Harare walisema kuanzia tarehe 20 Januari 2016 hakuna mtu yeyote, wa kike au wa kiume, atakayefunga ndoa kabla ya kutimiza miaka 18. Wakataja kwamba hiyo ni pamoja na ndoa ya kimila isiyosajiliwa na muungano wowote utokanao na ibada ya kidini. Tarehe iko pale. Anayekatazwa yuko pale. Mwanya wa kimila na wa kidini umezibwa ndani ya amri yenyewe. Msajili wa ndoa aliyesoma gazeti kesho yake alijua afanye nini. Bunge lao lilichelewa, kama mabunge yanavyochelewa, na sheria mpya ya ndoa ikaja mwaka 2022. Lakini katika miaka hiyo sita ya kungoja, sheria iliyokuwa inatawala ni ile ya mahakama. Kwetu, katika miaka ya kungoja, iliyoonekana kutawala ni ile ya 1971.

Sisemi kwamba ndoa za utotoni ziliisha Zimbabwe siku ile. Hazikuisha. Njaa na ada ya shule havisomi hukumu. Ninachosema ni jambo dogo kuliko hilo: mgambo, mwalimu mkuu au shangazi aliyetaka kumzuia mtu asimwoze binti alikuwa na karatasi mkononi. Wa kwetu hakuwa nayo.

Kuna njia ya kati, na Afrika Kusini wameitumia vizuri. Tarehe 28 Juni 2022 Mahakama ya Katiba ya huko iliamua kwamba sheria za ndoa na talaka zilizozitenga ndoa za Kiislamu zinakiuka Katiba. Iliwapa Rais na Bunge miezi 24. Ila haikuwaacha wajane na watalaka wakae wakisubiri: iliweka utaratibu wa mpito, namna talaka za ndoa hizo zitakavyoshughulikiwa mahakamani, mali na watoto vikiwemo, wakati Bunge linaandika. Mwaka 2024 marekebisho ya sheria ya talaka yakasainiwa. Nadhani Bunge liliandika kwa wakati kwa sababu kungoja hakukuwa na faida tena kwa yeyote. Aliyetegemea ucheleweshaji alikuwa keshapoteza. Hilo ndilo fundisho ambalo sijaliona likichambuliwa vya kutosha katika majarida yetu: muda wa kurekebisha ukitolewa bila utaratibu wa mpito, unamzawadia anayechelewa.

Wakenya waliopo hapa naona wanatabasamu, wanafikiri watasalimika. Ndugu zangu, na ninyi tunawajia.

Katiba ya Kenya ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba jambo hilo litimizwe hatua kwa hatua, lakini sheria iwe tayari ifikapo tarehe 27 Agosti 2015. Bunge likajiongezea mwaka. Mwaka ukaisha. Machi 2017 Mahakama Kuu ikatoa siku 60. Zikaisha. Na Kenya, tofauti na sisi, ina Ibara ya 261, yenye meno ya simba hasa: Bunge likishindwa kutunga sheria iliyoagizwa, Jaji Mkuu anamshauri Rais alivunje, na Rais anatakiwa alivunje. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga aliandika ushauri huo. Mnajua kilichofuata. Watu wakakimbilia mahakamani, utekelezaji ukasimamishwa, Bunge likamaliza muhula wake hadi uchaguzi wa 2022 kama kawaida.

Kwa hiyo siwadanganyi kwamba ukali ni dawa. Adhabu ikiwa kubwa mno, kila mwenye mamlaka anatafuta sababu ya kutoitoa, na mara nyingi sababu hiyo inaonekana ya busara. Kuvunja Bunge zima katikati ya janga la korona kwa ajili ya sheria moja? Hata rafiki zangu wanaharakati walisita. Amri nzuri ni ile ambayo mtu wa kawaida serikalini anaweza kuitekeleza bila kupoteza kazi yake.

Kenya hiyohiyo ina upande mwingine. Novemba 2011 wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, walibomolewa nyumba zao. Shauri lao, linalojulikana kama Mitu-Bell, lilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2021 ilikubali kwamba mahakama inaweza kutoa amri ya usimamizi: inaamuru, inabaki na jalada wazi, inaitaka serikali irudi kutoa taarifa, na inarekebisha amri kadiri mambo yanavyokwenda. Kisheria ni ushindi mkubwa, na nyie mtaunukuu katika kazi zenu. Wakati huohuo shauri lilirudishwa Mahakama Kuu ili nafuu, yaani yale ambayo mahakama inampa aliyeshinda, zipangwe upya, na miaka karibu 10 ilikuwa imepita tangu mabati ya mwisho yaanguke.

Kuhusu Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha nitapita haraka, maana wengi mnaijua hadithi ya Mchungaji Christopher Mtikila na mgombea binafsi, yaani haki ya kugombea bila kupitia chama. Alishinda Mahakama Kuu mbele ya Jaji Lugakingira, na Katiba ikabadilishwa ili kuufunga mlango uleule. Alishinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikampa ushindi wa tatu, ikaiagiza Tanzania ichukue hatua za kikatiba na za kisheria ndani ya muda muafaka. Muda muafaka! Nikiwa na mwanafunzi aliyeandika maneno hayo katika mkataba wa kupanga nyumba, ningemrudishia karatasi. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na uchaguzi wa mwezi uleule haukuwa na mgombea binafsi. Novemba 2019 Tanzania ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Basi mfanye nini? Mawakili vijana, nianze na ninyi. Orodha ya nafuu mnazoomba isiandikwe usiku wa mwisho. Nimesoma nyaraka nyingi za mashauri ya kikatiba ambamo hoja zina kurasa 40 na nafuu zina mistari minne, ya mwisho ikiwa ni ile ya kuomba nafuu nyingine yoyote mahakama itakayoona inafaa. Jaji hawezi kukupa kwa urahisi kitu ambacho hukumwomba. Ombeni tarehe. Ombeni utaratibu wa mpito. Ombeni itamkwe wazi, ndani ya amri, kwamba muda ukiisha bila marekebisho kifungu kitasomekaje. Ombeni Mwanasheria Mkuu aamriwe kuwapelekea nakala ya amri wasajili wa ndoa, mahakama za chini na ofisi za wakuu wa wilaya, kwa Kiswahili. Mahakama ya Afrika ilipotoa uamuzi wa fidia katika shauri la Mtikila mwaka 2014, iliagiza muhtasari wa hukumu utangazwe kwa Kiswahili na Kiingereza katika Gazeti la Serikali na katika gazeti la kitaifa. Kwa hiyo si ombi la ajabu.

Ninyi wasaidizi wa kisheria mna kitu ambacho maprofesa hawana: mnajua mabinti wanaolewa wapi na nani anapiga muhuri. Na hapa nawageukia wanafunzi wa shahada ya uzamili, ambao kila mwaka mnaniletea mapendekezo ya utafiti yanayolinganisha Tanzania na Ujerumani. Acheni Ujerumani kwa muda. Nendeni kwenye daftari za ndoa za wilaya mbili au tatu, kwa vibali sahihi na bila kutaja jina la mtu. Tazameni umri wa bibi harusi kabla ya Oktoba 2019, kati ya hapo na Oktoba 2020, na baada yake. Tazameni kama mahakama bado zinapokea maombi ya ruhusa kwa wasichana wa miaka 14. Waulizeni mahakimu wa mahakama za mwanzo wanakisomaje kifungu cha 13 leo. Utafiti huo utafungua macho kuliko kurasa 200 za kulinganisha nadharia, na utampa wakili anayefuata ushahidi wa kuambatanisha kwenye hati ya kiapo.

Nimalizie na tatizo ambalo mimi mwenyewe sijalifungua, ili mtakaobaki kwa maswali msiniulize mambo rahisi. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, akubali asikubali, isipokuwa awe ni mke wa mtuhumiwa, ametimiza miaka 15, na hawajatengana. Kinga hiyo inaning'inia kwenye neno mke. Ikiwa nimesoma Ibara ya 30 sawasawa, na kifungu cha 13 kikawa kimeanguka muda ulipokwisha, basi ndoa ya msichana wa miaka 16 iliyofungwa mwaka 2022 si ndoa, huyo si mke, na kinga haipo. Lakini Katiba hiyohiyo, Ibara ya 13, inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda, na huyu kijana aliyemwoa alifungishwa ndoa hadharani, mbele ya wazee, na mtu mwenye leseni na kitabu cha sheria chenye namba 15. Mwendesha mashtaka afanye nini? Na yule binti, akija ofisini kwenu akiwa na mtoto mgongoni anataka matunzo, mtamwambia ndoa yake haikuwepo, au mtajificha nyuma ya kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa, kile cha dhana ya ndoa kinachowahesabu walioishi pamoja kama mume na mke kuwa wanandoa, ambacho nacho kitauliza kama alikuwa na uwezo wa kuolewa?

Kipaza sauti kipo pale mbele, kushoto.